Kwa nini mgeni anashuka Unguja na Pemba haimuoni

Kila nikivuka kutoka kwetu Unguja kwenda Pemba naulizwa swali moja, kwenye boti, bandarini Mkoani, hata barazani Wete: kisiwa chetu cha kijani kuliko chenu, bahari yetu ina kina na samaki, watu wetu hawana papara, mbona wazungu wote wanaishia kwenu? Wangazija nao huuliza hivyo hivyo wakiitazama Shelisheli, na ndugu zetu wa bara waliuliza miaka mingi wakiitazama Kenya. Kazi yangu ni utalii, upande wa mikataba baina ya hoteli na mawakala wa nje, na jibu ninalotoa huwaudhi wengi: uzuri wa nchi una kazi ndogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Ukisoma ripoti zinazolinganisha nchi utakuta orodha ile ile: usalama, viza, bei, barabara, matangazo, vivutio. Yote kweli. Taabu ni kwamba ukiziweka nchi mbili pamoja, kila kitu kinatofautiana kwa wakati mmoja na hujui kipi kilicholeta wageni. Ndiyo maana napenda kuanzia na visiwa vyetu hivi viwili. Serikali moja, viza moja, kodi moja, dini na lugha moja, kusi na kaskazi zile zile, na baina yao kiasi cha kilomita 50 za bahari. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima ya lazima ya dola 44, awe anakwenda Nungwi ya Unguja au Ras Kigomasha ya Pemba. Kwa hiyo viza, bima na kodi hazina la kutueleza hapa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 730,000 kutoka nje, na wengi mno kati yao hawakuikanyaga Pemba. Sababu lazima itafutwe kwenye yale machache yanayotofautiana.

La kwanza ni ndege. Uwanja wa Abeid Amani Karume pale Kisauni una njia ya kurukia ya kilomita 3 hivi, na zinatua ndege kubwa kutoka Doha, Istanbul, Addis Ababa na Amsterdam. Njia ya kurukia ya Pemba, pale Chake Chake, ni kama nusu ya hiyo, na sehemu kubwa ya ndege zinazoitumia ni zile ndogo za abiria kumi na kitu. Sasa mfikirie Mtaliana mwenye likizo ya siku saba. Akishuka Unguja saa tatu asubuhi, adhuhuri inamkuta yuko Kiwengwa miguu mchangani. Akitaka Pemba, asubiri ndege ndogo inayomruhusu kilo 15 za mzigo, na yeye kaja na sanduku la kilo 23. Au alale mjini, apande boti mpaka Mkoani, kisha gari akate kisiwa chote mpaka kaskazini. Siku moja ya kwenda, moja ya kurudi; zimebaki tano. Wakala wa Milan hahitaji kuiona Pemba ili aamue. Anaifanya hesabu hiyo mezani kwake.

Lakini uwanja peke yake hauleti mtu, na hapa ndipo wanasiasa wetu hukosea kwa kudhani lami ikirefushwa mambo yamekwisha. Nitaeleza jinsi biashara yenyewe inavyokwenda, maana nje ya watu wa mikataba haizungumzwi sana. Ndege ya kukodi ya viti 280, inayokuja mara moja kwa wiki, inashusha watu 280 na kuwachukua 280 waliomaliza wiki yao. Wakilala wawili wawili, wakala anahitaji vyumba 140 vilivyohakikishwa, wiki baada ya wiki, msimu mzima. Na hataki vyumba 140 katika hoteli 30, kwani atahitaji magari mangapi, wasimamizi wangapi, mikataba mingapi? Anataka hoteli mbili tatu kubwa zilizo karibu karibu. Kiwengwa na Pwani Mchangani zilijengwa hivyo, na ndiyo maana mpaka leo utamsikia kijana wa ufukweni akibishana bei kwa Kitaliana kizuri kuliko Kiingereza chake. Hoteli za Pemba zinazojulikana na mawakala wa nje ni chache, na kila moja ina vyumba makumi machache tu. Nzuri sana, tena ile ya kaskazini yenye chumba chini ya bahari, kilichofunguliwa 2013, imepigwa picha duniani kote. Ila ukizikusanya zote bado ni kazi kuijaza ndege moja ya wiki. Ndege haiji kwa sababu vyumba hakuna, na mwenye fedha hajengi vyumba kwa sababu ndege haiji. Aliyetangulia kulikata fundo hilo anakuwa mbele ya jirani yake kwa miaka thelathini.

Unguja ililikata vipi? Kwa shida, si kwa ubunifu. Bei ya karafuu iliporomoka miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, kupanda mikarafuu yake yenyewe. Serikali ikatafuta fedha za kigeni kwingine, ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi mwaka 1986 na kufungua milango. Mwekezaji alipokuja kuuliza ardhi alipelekwa mashariki na kaskazini ya Unguja, kwenye maweni, ardhi ya mawe isiyoota kitu cha maana. Pemba karibu kila kilima kina mkarafuu, na kila mkarafuu una mwenyewe; baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligaiwa eka tatu tatu, na watu wanaishi juu yake. Si rahisi kumwambia mtu auze shamba linalomlisha. Kwa maoni yangu rutuba ya Pemba imeichelewesha katika utalii kuliko tangazo lolote ambalo halikutolewa.

Kisha kuna ufukwe wenyewe, na hili sipendi kulisema mbele ya Wapemba lakini ni kweli. Pemba imezungukwa na mikoko na mapango, na fukwe ndefu za mchanga ni za kuhesabu: Vumawimbi, Verani, na Misali kisiwani. Upande wa magharibi Mkondo wa Pemba unafika kina cha mita 800 hivi, na kuta za matumbawe zinashuka wima. Mzamiaji akifika hapo anapagawa. Wazamiaji lakini ni wachache duniani, na familia yenye watoto wawili haitaki kina, inataka mchanga. Hata Unguja si kila ufukwe uko sawa: mashariki maji yakipwa, khasa wakati wa bamvua, mgeni anatembea mbali sana kabla hajalowa magoti, ilhali Nungwi na Kendwa anaogelea saa yoyote. Tazama bei za vyumba vya huko utaona soko limeshalijua hilo zamani. Paje nayo, kwa maji yake mafupi na upepo wa misimu miwili, ikageuka kuwa ya watu wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Maji yaliyokuwa kasoro yakawa bidhaa.

La mwisho kwa visiwa vyetu ni jina. Mgeni ananunua neno "Zanzibar" kabla hajajua liko wapi kwenye ramani: Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, Freddie Mercury alizaliwa hapa 1946, na vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimelibeba jina hilo tangu karne ya 19. Pemba ni Zanzibar vile vile, lakini aliyeko Warsaw hajui. Akiandika "Pemba" kwenye simu yake huenda akaletewa mji wa Pemba wa Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado, mkoa wenye vita tangu 2017. Na Pemba yetu nayo ina kovu lake, kwani mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 na wakimbizi waliovuka mpaka Shimoni, Kenya, yalitangazwa dunia nzima.

Hapo watu huniambia: basi papasi wa Mji Mkongwe, vijana wanaowaandama wageni mitaani, mbona hawaiharibii Unguja jina? Wanawasumbua wageni, ndiyo, na malalamiko ninayapokea mimi. Hesabu za wageni hazijashuka kwa ajili yao.

Sasa tuyapeleke haya kwa majirani tuone kama yanasimama. Shelisheli kabla ya 1971 haikuwa na uwanja wa ndege wa kimataifa, mtu alikwenda kwa meli. Uwanja ulipofunguliwa hoteli zikafuata, na leo nchi yenye watu wasiofika 150,000 inapokea wageni zaidi ya 300,000 kwa mwaka. Ngazija ina mlima Karthala, ina mji wa kale, ina fukwe, na miaka ya 1990 ilikuwa na hoteli kubwa ya Galawa karibu na Mitsamiouli, yenye fedha za Afrika Kusini. Lakini tangu uhuru wa 1975 nchi ile imepitia mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yasiyopungua ishirini. Hoteli ikafungwa, na wageni wakapotea. Uzuri wa Ngazija haukupungua hata kidogo.

Kenya na Tanzania zina kisa kingine. Siku za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mgeni wa Serengeti alitua Nairobi, akalala Nairobi, akavuka, akaona wanyama, akarudi Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 Tanzania ikafunga mpaka, ukafunguliwa 1983. Lengo lilikuwa mgeni atue Kilimanjaro, ambako uwanja ulishajengwa tangu 1971. Wageni hawakuhama. Walibaki Kenya na kuitazama Maasai Mara, maana mashirika ya ndege, mawakala na vyumba vilikuwa upande huo. Wanyama ni wale wale, wanavuka mto bila pasipoti. Imechukua miongo kadhaa Tanzania kujenga njia zake. Mwaka 2024 kila nchi kati ya hizi mbili ilipita wageni milioni 2.

Janga la korona lilinithibitishia hili kwa namna ambayo sikuitarajia. Wageni wa Zanzibar walikuwa kama 538,000 mwaka 2019, wakashuka mpaka 260,000 hivi mwaka 2020. Lakini Tanzania ilifungua anga mapema wakati wengine wamefunga, na kaskazi ya mwaka huo ndege za kukodi zikaanza kuleta Warusi kwa maelfu. Hawakuwa wameamka siku moja wakaipenda Zanzibar. Kulikuwa na kiti, na kilikuwa kinakwenda mahali pachache tu, Zanzibar ikiwemo. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mamia ya Waukraine, waliokuja kwa viti kama hivyo, walijikuta wamekwama hotelini Unguja kwa kuwa kiti cha kurudi hakikuwapo tena.

Tahadhari moja juu ya idadi zenyewe. Ufaransa inatangaza wageni wengi kuliko nchi yoyote, kiasi cha milioni 100 kwa mwaka, na ndani yake wamo wanaopita kwa gari na kulala usiku mmoja wakielekea kusini. Hispania ndiyo inayoingiza fedha nyingi kuliko Ufaransa. Kwa hiyo Mpemba anayetaka "wageni kama Unguja" namuuliza kwanza anataka vichwa au fedha. Mimi nisingeitakia Pemba ndege tano kwa wiki. Vijiji vya Nungwi vinajua maana ya hoteli kuvuta maji yote ya kisima. Wazamiaji wanaolala siku kumi na kulipa vizuri wangeifaa zaidi, na hao hawadai hoteli ya vyumba 400.

Mradi wa kuupanua uwanja wa Pemba unazungumzwa sana, na nafurahi. Utakapokamilika, mimi nitataka kuona mikataba: wakala gani kasaini, vyumba vingapi, kwa misimu mingapi, na nani atabeba hasara ya viti vitupu mwaka wa kwanza. Wapemba wenyewe husema "Pemba peremba, ukenda na winda hurudi na kilemba, ukenda na kilemba hurudi na winda," winda ikiwa ni kitambaa cha kujifunga kiunoni tu, na shirika la ndege litakalokuja bila ya karatasi hizo nadhani najua litarudi limevaa nini.