Rilei kuu ya injini: kazi yake na jinsi hitilafu zake zinavyopimwa

Rilei kuu ya injini ni swichi ya umeme inayoipa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, umeme wa betri. Kwenye magari mengi huzilisha pia nozeli na vifaa vingine vya mfumo wa injini. Kwa Toyota nyingi utaikuta kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, mfunikoni pameandikwa EFI au EFI MAIN. Magari mengine huandika MAIN au ECM.

Ndani yake mna koili (waya uliozungushwa) na kontakti (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme). Koili ikipata umeme mdogo, kama ampea 0.15, inageuka sumaku na kuvuta kontakti zishikane. Hizo kontakti ndizo zinazobeba mzigo wenyewe, ampea kumi hivi au zaidi. Miguu ya koili imeandikwa 85 na 86. Umeme wa betri unaingia 30 na kutokea 87. Toyota huandika 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa kontakti.

Rilei hii ikifa, dalili zake ni zilezile za kontroli boksi iliyoungua, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela. Stata inazunguka vizuri lakini gari haliwaki. Taa ya cheki injini haionekani kabisa swichi ikiwa ON, na mashine ya kupima inakataa kusoma. Au gari linazima lenyewe ukiwa barabarani kwenda Mingoyo, likipoa nusu saa linawaka kama halikuwa na tatizo. Usiagize boksi kutoka Dar kabla ya kupima rilei.

Mashine ikikubali kusoma, kodi, yaani namba za hitilafu, zitakuonyesha upande wa kuanzia. P0685, P0686 na P0687 zinahusu upande wa koili, yaani njia ambayo kontroli boksi inaitumia kuiamuru rilei. P0689 na P0690 zinahusu umeme unaotoka kwenye kontakti na kurudi kusomwa na boksi. Fundi anayebadilisha rilei kwa P0685 bila kufuatilia waya wa koili anabahatisha.

Rilei ikilia "tak", wengi wanasema ni nzima. Sivyo. Mlio unathibitisha kwamba koili inavuta, basi. Kontakti zilizoungua zinalia vilevile. Kupima omu (ukinzani wa umeme) kwenye kontakti nako hakutoshi: waya za multimita zenyewe zinaweza kuonyesha omu 0.3, kwa hiyo ukiona 0.6 utadhani ni kawaida. Lakini omu 0.3 ya ziada, ampea 10 zikipita, inakula volti 3. Betri ikishuka hadi volti 10 wakati wa kupiga stata, boksi inabakiwa na 7, na kwa umeme huo inaweza kuyumba au kujizima.

Ndiyo maana inapimwa ikiwa na mzigo. Weka multimita kwenye volti za DC. Acha rilei mahali pake, injini ikiunguruma. Ncha nyekundu iguse mguu wa 30, nyeusi iguse 87. Kama kwa chini hapafikiki, inua rilei kidogo bila kuichomoa, uguse miguu kwa ncha nyembamba, na uangalie ncha hizo zisigusane wala zisiguse bodi. Rilei nzima inaonyesha chini ya volti 0.2. Ikionyesha 0.5 au zaidi, kontakti zimechoka. Kama injini haiwaki, ipe rilei mzigo mwingine: balbu ya taa kubwa ya wati 55 kati ya 87 na bodi, inavuta zaidi ya ampea 4. Tasta ya LED haifai hapa, kwa sababu inawaka hata kwenye kontakti mbovu.

Koili ipime rilei ikiwa imetolewa. Nyingi za volti 12 husoma kati ya omu 50 na 120. Ukikuta 300 hivi, huenda umeuziwa ya volti 24, ya lori. Kwa mwonekano zinafanana sana, kwa hiyo soma maandishi ya mgongoni.

Kwa Mtwara, Mikindani na Lindi, hebu tazama soketi kabla ya kuilaumu rilei. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta unyevu, na shaba inaota ukungu wa kijani kuanzia kwenye kiungio cha waya. Mara nyingi juu panang'aa, chini ya soketi waya umeshakuwa mweusi ndani ya plastiki yake. Kuosha injini kwa maji ya presha kunaharakisha jambo hili. Safisha kwa dawa ya kontakti, kausha, paka grisi ya silikoni. Usikwangue kwa msasa: unaondoa utando wa kiwandani unaoilinda shaba. Na usichomeke tasta nene kwenye tundu, linatanuka na rilei mpya italegea.

Kama volti zinafika kwenye boksi lakini bado imekufa, pima volti 5 zinazokwenda kwenye sensa. Zikikosekana, chomoa sensa mojamoja uone kama zitarudi. Sensa moja iliyopiga shoti inaweza kuizima boksi nzima.

Ukinunua mpya, linganisha volti, ampea na mchoro wa miguu. Kama ya zamani ina daiodi au rezista ndani, mpya iwe nayo pia, maana inazuia mpigo wa umeme wa koili usiue transista ya kontroli boksi.

Kuna pia rilei ambayo kontakti zake zinaganda zikiwa zimeshikana. Gari linawaka vizuri, ila asubuhi betri imekwisha. Zima swichi, subiri dakika chache kwa sababu boksi nyingine huendelea kuishikilia rilei kidogo, kisha pima 87: pakiwa bado na volti 12, chomoa rilei. Volti zikipotea, kontakti zimeganda au koili bado inapata umeme, na umeme wa koili ndio wa kupima kwanza.