Soketi ya Prosesa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Prosesa ikiingia kwenye soketi (tundu lake kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta), itawaka.
Ukweli: Hii ndiyo inayowapotezea watu hela. Soketi ya LGA1151 ilibeba prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 kwenye madabodi za H110 na B250, kisha kizazi cha 8 na cha 9 kwenye H310 na B360. Pini ni 1151 kote, na i5-8400, ya kizazi cha 8, inakaa kwenye H110 bila kulazimishwa. Lakini Intel ilibadili kazi ya baadhi ya pini, hasa za umeme. Ukiwasha, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Kama unajenga Arusha au Moshi na prosesa inakuja kwa basi kutoka Dar, fungua kwanza tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, tafuta modeli yako mpaka herufi ya mwisho, usome orodha ya prosesa inazozikubali na toleo la BIOS (programu ya kuiwashia madabodi) linalohitajika.

Dhana: AM4, soketi ya kampuni ya AMD, inakubali prosesa yake yoyote ya Ryzen.
Ukweli: Ryzen 7000 na 9000 ni za AM5, soketi mpya zaidi. Hata ndani ya AM4, B450 yenye BIOS ya 2018 haiitambui Ryzen 5 5600. Kuisasisha BIOS kunataka prosesa ya zamani inayowaka, isipokuwa madabodi iwe na kitufe cha kusasisha kwa flashi. Mwambie muuzaji aifanye hapohapo dukani, tena kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme). Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena. Na 5600 haina grafiki za ndani. Kama huna kadi ya grafiki, chukua 5600G.

Dhana: RAM ya zamani utaihamisha tu.
Ukweli: AM5 inatumia RAM aina ya DDR5 pekee. LGA1700, soketi ya Intel, ina madabodi za DDR4 na za DDR5, soma boksi. Mwenye DDR4 za kutosha na bajeti ndogo hana sababu ya kuikimbia AM4, inayotumia DDR4.

Dhana: Madabodi ya mtumba ikiwa safi, ni nzima.
Ukweli: Kwenye soketi za aina ya LGA, pini ziko ndani ya soketi. Fungua kifuniko, mulika tochi ya simu kwa upande: mistari ya pini ing'ae sawasawa. Ukiona nukta moja imekatiza mng'ao, pini hiyo imepinda. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na prosesa hung'oka pamoja na kipoozeo grisi iliyo kati yao ikikauka. Washa kompyuta dakika kumi grisi ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoozeo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.