Kuchagua programu ya tahajia ya Kiingereza: anza na makosa ya mtoto

Tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipoelekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wazee wanaosomesha watoto wao nyumbani hapa Unguja wamekuwa wakiniuliza ni programu ipi ya tahajia na sarufi ya Kiingereza, ya vitabu au ya kompyuta, inayofaa kununuliwa. Jawabu langu ni kwamba, kabla ya kuulizia bei, msomee mtoto imla fupi kisha uyachunguze makosa yake kwa utulivu.

Mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili amezoea kuandika neno kama linavyotamkwa, na mazoea hayo yamemfaa siku zote. Anapoandika laik, nait na kam badala ya like, night na come, hajakisia, bali ameyapeleka mazoea yale yale katika lugha yenye herufi 26 na sauti zipatazo 44. Orodha ya maneno ya kukariri kila wiki haimsaidii sana, kwani huyaandika sawasawa siku ya jaribio na kuyasahau baadaye. Anahitaji programu inayomfundisha kanuni moja baada ya nyingine: kwa nini back huishia na ck ilhali bank huishia na k peke yake, au vipi e isiyotamkwa huigeuza hop ikawa hope. Programu nyingi za namna hiyo zimechota katika njia iliyoasisiwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, kwa ajili ya watoto waliotatizwa mno na kusoma.

Hata hizo, hata hivyo, kwa kawaida huchukulia kwamba mtoto amekisikia Kiingereza tangu utotoni. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo mtoto wetu akitamkiwa ship na sheep, au bad na bud, mara nyingi husikia neno lile lile. Akiambiwa asikilize irabu ndipo achague herufi, hana cha kuchagulia. Ndiyo maana napendekeza majuma ya mwanzo yawe ya sikio: mtamkie jozi kama hizo, naye aoneshe picha inayohusika, kabla hajashika kalamu. Mzee asiyezitenganisha sauti hizo mwenyewe (na tuko wengi) atumie programu yenye sauti zilizorekodiwa.

Kwa upande wa sarufi, usivutiwe na vitabu vinavyomtaka mtoto ataje tu majina ya aina za maneno. Yeye amelelewa na neno yeye lisilobagua mwanamke na mwanamme, na lugha yake haina a wala the. Atamwita mama yake he hata baada ya kujua kuwa hicho ni kiwakilishi. Chagua programu iliyotungwa kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, yenye mazoezi mengi ya kutunga sentensi.

Angalia pia kama programu inaandika color au colour, kwa sababu skuli zetu hufuata tahajia ya Uingereza, yaani colour. Kiwango cha kuanzia kiamuliwe na jaribio la programu yenyewe wala si umri, na ununue kiwango kimoja tu kwanza. Ikiwa ni programu ya kompyuta, zima kirekebisha tahajia, maana kikimsahihisha kabla hajakumbuka mwenyewe, imla hiyo haitakuonesha kitu.