Mboga za Kuoka zenye Pilipili: Dhibiti Maji Kabla ya Viungo

Lalamiko ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa watu ninaowafundisha mapishi hapa Kampala ni kwamba mboga walizoziweka kwenye oveni zilitoka zimelegea na kurowa, huku pilipili ikiwaka kwenye kipande kimoja na kukosekana kabisa kwenye kingine. Wengi hudhani kasoro iko kwenye kiasi cha viungo, na mara ya pili huongeza viungo zaidi. Kwa maoni yangu kasoro hiyo huanzia kwenye maji, na mpishi akishayadhibiti, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Mboga ikiingia kwenye oveni ikiwa na maji juu yake, joto hutumika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, na muda wote huo uso wa mboga haupati moto kupita ule wa maji yanayochemka, ambao hapa Kampala, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ni kama nyuzi 96 za Selsiasi. Rangi ya hudhurungi na ile harufu ya kuchomwa tunayoitafuta hujengeka vizuri uso unapokauka na kufika karibu nyuzi 140. Kwa sababu hiyo mimi huosha mboga mapema, nikazikung'uta na kuzitandaza juu ya kitambaa safi hadi zikauke, kisha nikawasha oveni kwenye nyuzi 220 trei tupu ikiwa ndani. Mboga zikiguswa na trei ya moto hulia papo hapo, na usiposikia mlio huo, rudisha trei ndani ingojee kidogo. Vipande visibanane, vikibanana hupikana kwa mvuke wao wenyewe. Kama trei ni ndogo, oka kwa awamu mbili.

Ninazopenda kutumia ni koliflawa moja ya wastani, karoti nne, na nyanya chungu kama nane hivi. Sokoni Nakasero chagua koliflawa nzito kwa mkono, yenye kichwa kilichofumbana, na nyanya chungu ambazo hazijaanza kuwa nyekundu, kwa sababu zikishaiva kiasi hicho mbegu zake huwa zimekomaa na ngozi imekuwa ngumu. Karoti huchelewa kuiva, hivyo zikate nyembamba kuliko koliflawa. Nyanya chungu zipasue katikati tu. Uchungu wake hauishi, na wala sitaki uishe, kwani ndio unaozuia utamu wa karoti usitawale.

Sasa pilipili. Ukali wake hutokana na kapsaisini, ambayo hukaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, wala si kwenye mbegu zenyewe kama wengi wanavyoamini, na ambayo huyeyuka kwenye mafuta lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kwa hiyo pilipili inayonyunyizwa kavu juu ya mboga hubaki pale ilipoangukia, na kwenye moto wa nyuzi 220 unga wake huungua upesi ukawa mchungu na kuwakohoza watu wote nyumbani. Njia iliyo salama ni kuyapa mafuta kazi ya kuusambaza ukali. Pasha vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti kwa moto mdogo, tia pilipili kichaa mbichi mbili au tatu, zile wauzaji wetu wanazoziita kamulali, zikiwa zimekatwakatwa, uzikoroge kwa muda wa dakika moja bila kuziacha zibadilike rangi. Epua, kisha ongeza nusu kijiko cha chai cha manjano na kijiko kimoja cha giligilani iliyosagwa. Moto uliobaki kwenye mafuta unatosha kuviamsha. Asiyependa ukali mwingi aondoe ule utando mweupe badala ya kupunguza idadi ya pilipili, ili ladha yake ibaki.

Mimina mafuta hayo juu ya mboga, weka kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba nzima, ugeuze kwa mwiko hadi kila kipande king'ae. Chumvi itiwe mwisho kabisa, trei ikiwa tayari inasubiri, kwa kuwa ikikaa huvuta maji kutoka ndani ya mboga na kuturudisha pale pale tulipoanzia. Koliflawa na karoti zitangulie kwa dakika kumi, ndipo nyanya chungu zifuate. Geuza mara moja tu, upande wa chini ukishapata rangi. Kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa zingoje dakika tano za mwisho, kwani zikiingia mapema huungua. Jumla ni kama dakika 30.

Asiye na oveni, au aliyekatikiwa umeme, hana sababu ya kuahirisha. Sufuria nzito juu ya sigiri, makaa machache chini na mengi yakipaliwa juu ya mfuniko, huoka vizuri, ila mfuniko hushika mvuke, hivyo ufunue mara mbili tatu kwa uangalifu na uufute maji upande wa ndani.

Ndimu ikamuliwe mboga zikishatoka, kisha nyunyiza ufuta uliokaangwa mkavu. Mboga hizi hukaa vizuri kando ya matoke au posho na maharage, vyakula vyenye ladha ya upole vinavyobeba ukali bila kushindana nao. Zikibaki hadi kesho, zipashe kwenye kikaango kikavu bila kufunika, usiongeze maji hata kidogo.