Kabla ya kuchagua chuo cha sanaa za ufundi, kaione karakana yake

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hutuuliza sisi wakufunzi wa sanaa swali lilelile: kijana wangu anachora vizuri, nimpeleke chuo gani? Wengi huja wakiwa na jina la chuo tayari, wakitaka tu tuwaambie kwamba wamechagua vema. Mimi huwauliza: karakana ya chuo hicho mmeiona?

Shahada ya sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji na usanifu wa michoro, hufundishwa kwa mikono. Mwanafunzi wa sheria ambaye mhadhiri wake hakutokea anaweza kwenda maktaba akajisomea. Mwanafunzi wa ufinyanzi ambaye chuo chake hakina tanuri hana pa kwenda. Ndiyo maana nasema jina la chuo, hata liwe kubwa namna gani, lije baadaye. Kwanza tujue kijana atafanyia kazi wapi, kwa saa ngapi, akiwa na nani.

Mkifika chuoni msiishie ofisi ya udahili. Ombeni kuingia karakana wakati wa vipindi. Tazameni sakafu na meza: karakana inayotumika ina madoa ya rangi, vumbi la mbao na udongo uliokauka pembeni. Fungueni bomba la sinki muone kama maji yanatoka. Kama kuna tanuri la kuchomea vyungu, ombeni lifunguliwe. Nimewahi kufunguliwa tanuri la umeme, zuri kabisa, nikakuta ndani mmepangwa mafaili na maboksi ya karatasi za mitihani ya zamani. Tanuri la namna hiyo lipo kwenye orodha ya mali za chuo na picha yake inaweza kuwekwa kwenye kipeperushi, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuchomea kitu humo. Ulizeni liliwashwa lini mara ya mwisho, na ni nani anayejua kuliwasha.

Swali la pili ni la saa. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600. Ombeni orodha ya kozi, mhesabu ni krediti ngapi zinafanyika karakana na ngapi ni nadharia. Nadharia inahitajika, na historia ya sanaa inahitajika sana, lakini mwanafunzi anayeshika brashi asubuhi moja tu kwa juma atahitimu akiwa na cheti chenye uzito kuliko mkono wake. Ulizeni pia kama karakana hubaki wazi jioni na Jumamosi, maana kazi nzito hufanyika baada ya kipindi, pale mwanafunzi anaporudia alichokosea.

Kisha walimu. Msianze na shahada walizonazo. Ulizeni wameonyesha kazi gani miaka ya karibuni, na wapi. Mwalimu anayechora hadi leo anajua bei ya rangi, anajua nani ananunua kazi, na anaweza kumpeleka mwanafunzi kwenye maonyesho.

Sasa, vyuo vyenyewe viko wapi? Vyuo vikuu tulivyonavyo huku nyanda za juu kusini vimekua zaidi katika ualimu, uhandisi, sheria na biashara, kwa hiyo kijana wa Rungwe au Mufindi anayetaka sanaa za ufundi kwa kawaida hujiandaa kusafiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada inayounganisha sanaa na usanifu. Wanaopenda kubuni majengo au mandhari ya ndani ya nyumba wana Chuo Kikuu Ardhi, pia Dar es Salaam. Butimba, Mwanza, kuna chuo cha ualimu chenye historia ndefu ya kuandaa walimu wa sanaa. Nje ya mipaka, Makerere ina shule ya sanaa iliyotokana na madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na Watanzania wamepita huko tangu zamani: mchoraji Sam Ntiro alisoma huko kabla ya kwenda London, na Profesa Elias Jengo alisoma huko kabla ya kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayekwenda nje ahakikishe kwanza kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwamba shahada atakayorudi nayo itatambuliwa hapa.

Njia ya stashahada nayo wazazi huiona kama ya walioshindwa, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ilianza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, na hutoa astashahada na stashahada. Kijana anayeanzia ngazi hiyo hushika vifaa mapema, na akimaliza na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0 anakuwa na sifa ya msingi ya kuomba shahada. Anayetoka kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0. Kila programu huongeza masharti yake, hivyo someni mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, msitegemee wa mwaka jana. Mwenye stashahada akumbuke kuchukua mapema namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, maana bila hiyo maombi yake hayaendi mbele.

Hapa niseme jambo ambalo vijana wetu hulidharau. Mnatoka kwenye ardhi yenye sanaa. Kule Ikombe, karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyosafirishwa mbali, na ukienda soko la Lyulilo utaviona vimepangwa mchangani. Huchomwa kwa moto wa wazi, na joto lake haliufanyi udongo kuwa kama jiwe. Hubaki na vitundu vidogo vinavyopitisha unyevu kidogokidogo, na unyevu ule unapokauka nje ndio unaopoza maji ya mtungini. Chuoni mwanafunzi atajifunza kuchoma udongo unaofaa kwa nyuzi 1,200 au zaidi na kuupaka glezi, ule utando wa kioo, ili chombo kisivuje tena. Aliyewahi kukaa na mfinyanzi wa Ikombe ataielewa tofauti hiyo kwa vidole. Iringa nako kuna vikapu vya milulu, na kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu hufuma na kutengeneza karatasi kwa mikono. Kijana akipata hata wiki mbili za kujifunza kwa watu kama hao, aziandike kwenye maombi yake.

Na hili linatufikisha kwenye mkoba wa kazi, yaani mkusanyiko wa michoro anayoonyesha mwombaji. Hata chuo kisipoudai, auandae. Kazi 10 hadi 20 zinatosha. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mkoba kujaa nyuso za watu maarufu zilizonakiliwa kwa penseli kutoka kwenye simu, nywele moja moja. Ni kazi ya uvumilivu, naiheshimu, ila inaonyesha kwamba kijana anaweza kunakili picha ambayo kamera imekwisha kuitatua. Binti mmoja wa Uyole aliniletea daftari lake. Baada ya kurasa nyingi za nyuso za wanamuziki, nikakuta mchoro wa magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa. Alikuwa ameona jinsi kamba zinavyokaza pale juu, na jinsi gunia la chini linavyobonyea kwa uzito wa la juu yake. Mistari ilikuwa imefutwa na kurudiwa. Nilimwambia hicho ndicho cha kuweka mbele. Kaa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, saa moja, chora mikono ya mshona viatu, chora bajaji ikiwa imesimama, chora mlima Loleza asubuhi na jioni. Atakayeukagua mkoba wako atajua kwamba unaona.

Gharama nazo zizungumzwe nyumbani mapema. Ada si kila kitu: rangi, turubai na brashi hununuliwa muhula hadi muhula. Anayeomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asome kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo, aone kama vifaa vya karakana vinahusika hapo. Na asiogope vifaa vya bei nafuu anapojifunza. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi za mafuta za kawaida, na mtindo wake umebeba jina lake hadi leo.

Kuhusu ajira nitasema moja tu, maana ndilo linalowakwaza wengi. Shahada ya sanaa peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu wa shule ya serikali. Anayetaka kufundisha atafute shahada yenye elimu ndani yake, au apange tangu sasa kusoma stashahada ya uzamili katika elimu.

Dirisha la udahili likifunguliwa, ombeni chuo zaidi ya kimoja. Atakayepokelewa zaidi ya mahali pamoja atalazimika kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu atakayotumiwa, ndani ya siku zilizotangazwa. Kabla ya kuiingiza namba hiyo, tafuteni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu ileile, mumpigie simu, mumuulize kazi ya mwisho aliyoimaliza karakana ni ipi na aliifanya kwa vifaa vya nani.