Nani kapewa? Kukitafuta kitondo katika Kiingereza

Juzi kwenye darasa la jioni hapa Chake Chake, kijana wa kidato cha pili kaandika ubaoni: "Teacher, explain me this question." Sikumcheka. Kafikiri "nieleze", na "ni" yake kaitia pale anapoijua.

Sisi kitondo, yaani yule anayepewa au kutendewa, tunakibandika kwenye kitenzi. "Baba kampa Asha pakacha la karafuu": ile "m" ni Asha, na pakacha ndilo kipozi, yaani kile au yule anayetendwa moja kwa moja. Kiingereza hakibandiki kitu, kinapanga tu. "Father gave Asha a basket of cloves." Asha kakaa katikati, baina ya kitenzi na kipozi. Sasa mpeleke mwisho: "gave a basket of cloves to Asha". Akidai "to" au "for" mbele yake, umempata. "Mama cooked us pilau" itageuka "cooked pilau for us", na hili halimsumbui mtu, maana "katupikia" imeshaibeba hiyo "for" tumboni.

Wanafunzi wanaponishinda ni hapa: wakishaijua "m" wanaiona kila mahali. "I saw Asha" ni "nilimwona Asha", basi Asha ni kitondo! Siyo. Kiswahili kinampa kipozi "m" hiyohiyo akiwa mtu. Ndiyo maana nawataka waulize kwanza kilichotolewa ni kipi. "Gave" nini? Pakacha. Nani kapewa? Asha. Kwenye "saw" hakuna kilichotolewa. Asha ndiye aliyeonwa, hadithi imekwisha.

Na "to" nayo isikughuri. "She took the letter to Wete": Wete ni mahali, haipokei kitu. (Vipo vitabu visivyokubali kuita kitondo chochote kinachofuata "to". Kwenye mtihani fuata kitabu cha skuli yako, usigombane na msahihishaji.)

Kijana wangu je? "Explain" haimruhusu mtu kukaa katikati, lazima "explain this question to me". "Describe" na "say" ni hivyohivyo, ilhali "tell" inamkaribisha: "tell me the answer". Akaniuliza kwa nini "tell" ikubali na "say" ikatae. Nikamwambia ajaribu kwa Kiswahili. "Mwalimu kaniambia" ni sawa. Sasa nenda nyumbani ukaseme "mwalimu kanisema", uone kama mama hatauliza umefanya kosa gani.