Matairi mawili nyuma hayabebi mara mbili: singo au dabo kwa mwenye kampa

Mwezi wa kumi mwaka jana alinijia mzee mmoja kutoka Mafinga na Hilux yake, pale Uyole ninapofanyia kazi ya matairi. Kwenye bodi alikuwa amepakia chumba cha mbao: kitanda, jiko la gesi, kabati, dirisha la kioo, hata kibaraza cha kukunja. Alikijenga kwa mikono yake na ilikuwa kazi ya kujivunia. Alitaka kuzunguka na mkewe, waione Kitulo maua yakichanua, washuke Matema ziwani, kisha wapitie Iringa waingie Ruaha. "Kamwene, mwanangu," akanisalimu, "nifungie dabo nyuma. Singo haitauweza huu mzigo."

Sikumfungia. Nitaeleza kwa nini, maana maneno aliyokuja nayo nayasikia kila wiki kwa madereva, kwa mafundi wenzangu, na kwa wasafiri wanaoingia kupitia Kasumulu na Tunduma wakiwa na nyumba zao mgongoni mwa gari. Kwa asiyezoea: singo ni gari lenye tairi moja kila upande nyuma, dabo lina mawili mawili. Na kampa ni hicho chumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi la pikapu.

Dhana: "Dabo inabeba mara mbili ya singo"

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Chuchumaa kando ya tairi la Canter, saizi 7.50R16 la plai 14 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi), usome ubavuni. Utakuta 122/118. Namba ya kwanza ni ya tairi likifungwa peke yake, ya pili ni ya tairi hilohilo likifungwa pacha. 122 maana yake kilo 1,500, na 118 ni kilo 1,320. Mwenye kiwanda mwenyewe analipunguzia tairi kilo 180 mara tu linapopewa mwenzake. Mawili ya singo yanabeba kilo 3,000, manne ya dabo kilo 5,280. Ni nyongeza kubwa, ila si 6,000.

Sababu ni kwamba matairi pacha hayagawani mzigo sawasawa. Barabara imeinuka katikati ili maji yateremke pembeni, kwa hiyo kila wakati kuna tairi linalokanyaga zaidi ya mwenzake. Moja likipungukiwa upepo kidogo tu, la pili linapokea mzigo wake. Na pale yanapotazamana hewa haipiti vizuri, joto linabaki palepale.

Hapo nimesema habari za mpira tu. Ekseli, beringi, springi, breki na chasisi kila kimoja kina kikomo chake, na kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala gari zima. Ndiyo maana kuna bamba mlangoni lenye uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa hapo uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho chako, na humo wanaingia abiria, maji, chakula na kampa yenyewe.

Tazama pia zile Dyna na Canter zinazotoka Japani zikiwa na vitairi vidogo vya dabo nyuma, vidogo kuliko vya mbele. Wengi huzinunua wakidhani zimeimarishwa. Wajapani waliweka matairi madogo ili sakafu ya bodi ishuke, kupakia kuwe rahisi. Kwa kuwa tairi dogo moja lisingetosha, wakaweka mawili.

Marekani, ambako kampa zimeenea, pikapu kubwa kama Ford F-350, Ram 3500 na Chevrolet Silverado 3500 huuzwa kwa namna zote mbili. F-350 ya dabo katika matoleo mengi ya karibuni inaruhusiwa uzito wa jumla wa hadi kilo 6,350, na ya singo iko chini ya hapo. Lakini pale dabo haikuongezwa na fundi wa mtaani. Ilitoka kiwandani na ekseli yake, rimu zake na fenda pana za kufunika matairi.

Dhana: "Hilux inafungwa dabo, fundi anajua"

Inafungika, na nimeziona. Rimu ya pili inasogezwa nje kwa vipande vya chuma na nati ndefu. Sasa uzito unaning'inia mbali na beringi, kama mtu anayebeba ndoo akiwa amenyoosha mkono badala ya kuikumbatia. Beringi zinakufa, na nati zinaanza kulegea. Bamba la mlangoni nalo halijabadilika hata kilo moja.

Nilimwambia yule mzee, "Baba, tukapime kwanza." Tukaenda kwenye mizani ya ghala la nafaka. Alikuwa na hakika kampa yake haizidi kilo 600. Tukapima ikiwa tayari kwa safari: tangi la maji limejaa, gesi ipo, vyombo kabatini, yeye na mama ndani. Gari zima kilo 3,410. Bamba lilisema 2,910. Tukasogeza mbele, tukabakiza ekseli ya nyuma peke yake juu ya mizani: 2,260. Matairi yake mawili ya nyuma yalikuwa na namba 112, yaani kilo 1,120 kila moja, jumla 2,240. Ina maana kabla hajagusa shimo lolote, kabla hajakata kona yoyote, mpira ulikuwa umeshazidiwa.

Alinyamaza muda mrefu akiitazama ile karatasi. Kisha tukaanza kutafuta kilo zilikojificha. Paini aliyotumia haikuwa imekauka, na mbao mbichi ni maji matupu. Kuta zilikuwa za plaiwudi ya milimita 18. Tangi lilikuwa la lita 120, na lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Alirudi nyumbani, akabomoa, akajenga upya kwa plaiwudi ya milimita 6 na fremu nyembamba iliyokauka vizuri, akaweka tangi la lita 40. Aliporudi mizani ilisoma 2,790. Singo yake ileile ilimtosha, na hela ya kufunga dabo akaitumia kununua matairi mapya.

Hivyo neno langu kwa kila mwenye kampa ni hili: usiulize singo au dabo kabla hujaiona karatasi ya mizani. Pima gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Kampa inalalia nyuma zaidi, na unaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla huku ekseli ya nyuma ikilia. Na kikipakiwa chumba, kitovu cha uzito wake kiwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kitovu hicho kikiwa nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi, na huo wepesi si wa kufurahia.

Dhana: "Ukipata pancha kwenye dabo unaendelea tu"

Kuna ukweli ndani yake, na ndio unaoifanya iwe ya hatari. Tairi la nyuma la singo likipasuka huku juu kuna chumba kirefu, gari linayumba vibaya. Kwenye dabo mwenzake anakushika, unapata nafasi ya kusogea pembeni bila kupaniki. Hiyo ni faida kubwa na siidharau.

Lakini nafasi hiyo ni ya kusimama, si ya kufika Mbeya. Niliwahi kupanda Canter dabo iliyobeba viazi, tukitokea Makambako. Karibu na Igawa nikasikia harufu ya mpira. Dereva akasema ni breki. Tuliposimama, matairi yote manne ya nyuma yalionekana yamesimama wima. Nikaingiza mkono nyuma ya la nje upande wa kushoto: la ndani lilikuwa limelala, laini kama chapati, na ubavu wa lile la nje ulikuwa wa moto kiasi kwamba kiganja hakikukaa hata kwa kuhesabu tatu. Hakuna aliyejua lilitoka upepo wapi. Lililobaki lilikuwa limebeba mzigo wa wawili kwa kilomita nyingi, na tairi lililopata joto la namna hiyo linaweza kuwaka moto hata baada ya gari kusimama.

Tairi la ndani ndilo linalosahaulika, kwa sababu valvu yake haifikiki kirahisi. Weka mrija wa kurefusha valvu, upime kwa geji kila asubuhi ya safari. Kugonga kwa chuma kunakuambia kama tairi limekufa kabisa; lililopungua robo ya upepo litakujibu kama zima. Na ujue mapema kwamba kulitoa la ndani ni lazima kwanza ulitoe la nje, kwa jaki inayoweza kuinua gari pamoja na kampa yake. Wengi wanaligundua hili wakiwa porini.

Dhana: "Dabo ndiyo gari la matope na barabara mbovu"

Hapana. Kwenye lami nitaisifia dabo, kwenye tope la milimani sitaisifia. Chukua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba kuelekea Kitulo, ile tunayoiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Mvua ikinyesha magari yanachora mifereji miwili. Singo inaweka tairi la nyuma palepale lilipopita la mbele, njia imeshakandamizwa. Kwenye Canter dabo, la mbele linapita mkabala na nafasi iliyo kati ya yale mawili ya nyuma, hivyo ya nyuma yanachimba tope jipya pande zote mbili za mfereji. Baada ya mita chache tope limejaa katikati ya pacha, na yote mawili yanageuka kuwa kitu kimoja cha mviringo kinachoteleza.

Kiangazi ni mawe. Jiwe la ukubwa wa ngumi linaingia kati ya matairi mawili na kukaa, likisaga mbavu zote mbili kila mzunguko, au linachomoka na kwenda kwenye kioo cha gari la nyuma. Kila ukisimama, inama uangalie. Likikataa kutoka kwa mtaimbo, punguza upepo kwanza, usilipige nyundo.

Halafu kuna upana. F-350 ya singo ina mita 2.03 hivi, ya dabo 2.44. Sentimita 41 huzioni barabara kuu ya Tunduma. Unaziona kwenye kidaraja cha magogo kijijini, na kwenye kona ambayo Noah imesimama kukusubiri upite. Kwa anayekwenda Kitulo au anayepita njia ya Tungamalenga kuingia Ruaha, ningechagua singo iliyo ndani ya uzito wake, yenye matairi yaliyoandikwa LT au C, yaani ya magari ya mizigo, si ya gari dogo.

Dhana: "Singo ni hatari, inayumba"

Inayumba ikizidiwa. Hata hivyo, kwa kampa ndefu na nzito dabo inatulia zaidi, sina ubishi. Msingi wake ni mpana, na mbavu za matairi manne zinapinda kidogo kuliko za mawili. Utaihisi tofauti Makambako siku ya upepo wa ubavuni, au pale semi inapokupita kwa kasi na kukusukuma. Kwa mwenye kampa ya zaidi ya tani moja na nusu ikiwa imejazwa, anayeishi barabarani na kupita lami zaidi, dabo ya kiwandani ndiyo jibu. Ajue tu kwamba kuanzia tani 3.5 za uzito wa jumla gari linatakiwa kuingia mizani za serikali kama Wenda na Makambako.

Ila kuteremka Kitonga ni habari nyingine kabisa. Pale matairi sita hayakusaidii kitu usiposhuka na gia ndogo tangu juu. Breki ndizo zinazosimamisha, na breki zikichemka hazihesabu una matairi mangapi.

Dhana: "Ongeza springi, mzigo utakaa"

Gari litasimama sawa, na jicho litaridhika. Uzito haujapungua. Springi ngumu inaficha tu dalili uliyokuwa ukiiona, na ekseli inaendelea kuumia kimyakimya.

Dhana: "Dabo haina gharama, matairi yanadumu"

Ni sita ya kununua badala ya manne, na saba ukihesabu la akiba. Tena huwezi kununua moja moja upendavyo, na hapa ndipo tairi za mtumba zinapowaumiza watu. Ukifunga jipya na lililokwisha pamoja, lile kubwa linabeba peke yake na lile dogo linaburuzwa, yote mawili yanakwisha kabla ya wakati. Kwa matairi ya ukubwa huu tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6. Yapime kwa kamba yakiwa yamejazwa upepo sawa: zungusha kamba kwenye mzingo wote wa tairi moja, uipeleke kwa mwenzake. Milimita 6 za kipenyo zinatokea kwenye kamba kama milimita 19 hivi, karibu upana wa kidole gumba. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, fungeni, na lililo dogo likae ndani.